Gesi Haiishi

"Fundi, gesi imeisha. Niongezee kidogo tu, kesho nina oda ya barafu."

Maneno hayo nimeambiwa karibu sawa na salamu. Juzi nimeambiwa tena Mbagala, na mama anayeuza barafu za ubuyu na juisi ya ukwaju kibarazani kwake. Friji linaunguruma tangu alfajiri, kompresa imechemka huwezi kuweka kiganja, na maji ndani hayajashika hata ubaridi. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote siku hizi: "Mama, gesi ya friji haiishi. Si mafuta ya taa kwamba inaungua. Hiyo imetoka. Ngoja tutafute ilipotokea."

Nikauliza kama kuna aliyekwangua barafu kwa kisu. Mama akanyamaza, akamgeukia binti yake, binti akainamisha kichwa. Nikasukuma naitrojeni kidogo kwenye mabomba, nikapaka povu la sabuni ukutani mwa friza, nikasubiri. Kwenye kona ya kushoto kikatokea kipovu kimoja, kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kikavimba, kikapasuka, kikaja kingine palepale. Tundu lenyewe hulioni kwa macho. Kupitia hapo gramu 120 za gesi zilikuwa zimetoka kwa siku kadhaa, bila harufu wala moshi, na hakuna aliyejua mpaka barafu ilipogoma kuganda.

"Sasa imeenda wapi?" binti akauliza.

Katika miaka yote ya kazi hii sikumbuki mwingine aliyeniuliza hivyo. Watu wanauliza bei, wanauliza garantii, wanauliza nitamaliza saa ngapi. Nikamwambia imeenda juu na bado ipo, nikaendelea kuchomelea. Lakini lile swali nimerudi nalo nyumbani, na haya ninayoandika ni jibu nililopaswa kumpa kama ningekuwa na muda.

Nilianza kushika spana mwaka 1998, kwenye karakana ndogo Temeke. Mzee aliyenifundisha alikuwa fundi hasa. Alikuwa anaweka sikio kwenye kompresa na kukwambia imebakiza miezi mingapi. Wakati ule tulikuwa tunajaza R-12, mtungi mweupe. Friji likija na kompresa iliyokufa, kazi ya kwanza ilikuwa kukata mrija kwa koleo. Gesi inatoka kwa kishindo, unageuza uso pembeni, unasubiri. "Iache ipumue," mzee alikuwa anasema. Mabomba tukiyasafisha tuliyapuliza kwa gesi hiyohiyo, maana naitrojeni ilikuwa gharama na mtungi wa gesi upo mkononi. Mpira wa geji nao unapulizwa kwanza ili hewa itoke. Kwa friji moja la kujazwa robo kilo, sitashangaa kama robo kilo nyingine ilikuwa inakwenda zake nje.

Hatukufanya kwa ubaya. Gesi ile haikuwashi machoni, haikukohozi, haishiki moto. Ukiipuliza hakuna jirani anayelalamika. Na hiyo ndiyo sifa iliyoifanya ipendwe tangu ilipotengenezwa.

Mafriji ya kwanza yalitumia amonia, dayoksaidi ya salfa na methili kloridi, na bomba likipasuka usiku watu walikufa vitandani. Mwaka 1928 mkemia wa Kimarekani, Thomas Midgley, pamoja na wenzake, wakapata jamii mpya ya gesi zenye klorini, florini na kaboni. Mwaka 1930, mbele ya mkutano wa wanakemia, Midgley aliivuta gesi hiyo kifuani kisha akaipumua juu ya mshumaa uliokuwa unawaka. Mshumaa ukazimika, na yeye akabaki mzima. Ukumbi mzima uliona mambo mawili kwa mpigo: haina sumu na haiungui. Kitu ambacho hakikuonekana ukumbini ni kwamba gesi isiyotaka kuungana na kitu chochote haina njia ya kufa. Mvua haiioshi. Bahari haiinywi, miti haiitaki. Inapanda polepole mpaka juu kabisa ambako miale mikali ya jua ndiyo pekee inayoweza kuivunja, na R-12 huchukua kiasi cha miaka 100 kufika mwisho huo. Hiyo nayo ni wastani tu. Baada ya miaka 100 zaidi ya theluthi moja bado inazunguka. Nimepiga hesabu ya ile niliyoiachia Temeke mwaka 1998 nikiwa kijana: zaidi ya robo tatu yake ipo angani hivi sasa ninapoandika.

Aliyeanza kuihesabu ni Mwingereza James Lovelock. Alikuwa ametengeneza kifaa chake mwenyewe cha kunusa kemikali zilizo chache mno hewani, na mwaka 1971 akapanda nacho meli ya utafiti Shackleton kutoka Uingereza kuelekea Antaktika, akipima njia nzima. Kila alipopima aliikuta R-11, ndugu yake R-12: karibu na viwanda vya kaskazini, katikati ya Atlantiki, hata kusini kabisa ambako hakuna kiwanda wala friji. Alipochapisha matokeo mwaka 1973 aliandika kwamba haoni hatari yoyote. Mwaka uliofuata Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha hatari ilipo: juu kule gesi hiyo ikivunjika, klorini yake inakula tabaka la ozoni. Hayo wengi wetu tumeyasikia, na hata mabango ya semina zetu yanaishia hapo.

Anayenigusa mimi ni mwingine. Veerabhadran Ramanathan, kijana wa India ya kusini, alipomaliza shahada ya uhandisi aliajiriwa kwenye kampuni ya mafriji huko Secunderabad. Kazi aliyopewa ilikuwa kutafuta kwa nini gesi inavuja na kuizuia. Yaani povu la sabuni, kama mimi. Baadaye akaenda Marekani kusoma, akaingia kwenye utafiti wa anga, na mwaka 1975, akiwa kituo cha NASA cha Langley, akachapisha makala iliyoonyesha kwamba gesi ileile aliyokuwa akiikimbiza kwenye mabomba inaipasha dunia joto, na kwamba molekuli moja yake inafanya kazi ya molekuli zaidi ya 10,000 za hewa ukaa. Kabla yake watu walidhani shida ya joto ni hewa ukaa peke yake. Aliyefungua macho ya dunia kwenye jambo hili alikuwa amepitia kwenye ufundi wa friji, na ninatamani kila kijana anayeingia kwenye kazi hii alijue jina lake siku ya kwanza.

Inawezekanaje gesi chache vile zifanye kazi kubwa vile? Ukichukua hewa tunayovuta, ukatoa naitrojeni, oksijeni na agoni, kinachobaki ni kama sehemu nne katika elfu kumi, ukiacha mvuke wa maji. Humo ndimo iliko hewa ukaa, na ndani ya mabaki ya mabaki ndimo ziko gesi zetu za mitungi. Zinapimwa kwa sehemu katika trilioni. Mimi namba hiyo nimeielewa kwa maji: chukua maboza 5,000, kila moja la lita 10,000, kama yale yanayouza maji mitaani Dar. Dondosha tone moja la wino kwenye maji yote hayo. Hiyo ndiyo sehemu moja katika trilioni.

Sasa, dunia ikipata joto la jua mchana inalirudisha angani kama joto lisiloonekana. Mvuke wa maji na hewa ukaa hukamata sehemu ya joto hilo, lakini si lote. Kuna sehemu ambayo hazina uwezo nayo, na hapo joto hupita moja kwa moja kama upepo kwenye dirisha lililo wazi. Gesi za friji hukamata joto palepale dirishani. Ndiyo maana kidogo kinatosha. Ukiongeza blanketi la tano kwa mtu aliyekwisha kujifunika manne hutaona tofauti kubwa. Ukifunga dirisha pekee lililokuwa linapitisha hewa, chumba kizima kitajua.

Kilo moja ya R-134a, ile ya mtungi wa samawati iliyokuja baada ya R-12, ikitoka nje ni sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa kwa hesabu ya miaka 100. R-22 ya mtungi wa kijani, 1,810. R-410A ya mtungi wa waridi, 2,088. Kiyoyozi cha chumba kimoja huwa na kama kilo moja ya gesi hiyo ya waridi. Fundi akifungua nati zile mbili nje ya ukuta bila kuifungia gesi kwanza, kwa dakika moja ameachia sawa na kuunguza lita 900 za petroli. Bodaboda inayokwenda kilomita 40 kwa lita ingetembea kilomita 36,000 kwa mafuta hayo, kidogo tu kabla ya kumaliza kuizunguka dunia. Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia mara tatu kwenye kikokotoo cha simu nikidhani nimekosea nukta.

Kuna grafu ninayoirudia mara kwa mara. Inatokana na vituo vilivyotawanyika duniani vinavyonusa hewa safi mchana na usiku: Mauna Loa kule Hawaii, Mace Head magharibi ya Ireland, Cape Grim kwenye ncha ya Tasmania. Cape Grim wana kitu kinachoniacha hoi kila ninapokifikiria. Tangu mwaka 1978 wanajaza hewa ya baharini kwenye mitungi ya chuma na kuiweka ghalani. Ukitaka kujua hewa ya mwaka niliojifunza kazi ilikuwaje, ipo, imefungwa kwa valvu, unaweza kwenda kuipima.

Kwenye grafu hiyo naiona kazi yangu yote. Mstari wa R-12 ulipanda mpaka karibu sehemu 540 katika trilioni mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukapinda, na sasa unashuka taratibu sana. Uko kama 490. Ule ndio mtungi mweupe. Mstari wa R-22 ulipanda mpaka karibu 250 na miaka hii ya karibuni umeacha kupanda. Halafu kuna R-134a. Mwaka 1990 ilikuwa kama haipo. Leo imevuka 120 na inaendelea kupanda, mwaka hadi mwaka, kama ngazi. Tulipoambiwa tuache mtungi mweupe tuchukue wa samawati, tuliambiwa huu ni salama. Kwa ozoni ilikuwa kweli, na ninawashukuru waliopigania. Kwa joto tulibadilisha mlango wa kutokea tu.

Hewa ukaa ndiyo kubwa kuliko zote, hilo halina ubishi. Charles Keeling alipoanza kuipima Mauna Loa mwaka 1958 ilikuwa kama sehemu 315 katika milioni, na sasa imepita 420. Methani ya ng'ombe, majaruba ya mpunga na visima vya gesi imepanda zaidi ya mara mbili na nusu ya ilivyokuwa kabla ya viwanda. Kuna naitrasi oksaidi ya mbolea. Kuna salfa heksafluoridi inayofungiwa kwenye swichi kubwa za umeme, ambayo kilo moja ni sawa na zaidi ya kilo 22,000 za hewa ukaa na haikuwa imetamkwa mbele yangu mpaka nilipokwenda kufunga viyoyozi kwenye jengo la mitambo. Kila moja ina wenyewe. Mimi naongelea ninayoishika kwa mkono.

Vituo vile havidanganyiki. Mwaka 2018 mwanasayansi Stephen Montzka na wenzake wa Marekani walitangaza kwamba R-11, iliyopigwa marufuku dunia nzima tangu 2010, haishuki kwa kasi inayotakiwa. Mahali fulani kuna mtu alikuwa anaitengeneza upya. Mwaka uliofuata vipimo vya kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, na Hateruma, Japani, vikaelekeza mashariki ya China, hasa majimbo ya Shandong na Hebei, kwamba kiasi cha tani 7,000 kwa mwaka zilikuwa zimeongezeka kutokea huko. Ilikuwa inatumika kutengenezea povu la kuzuia joto. Baada ya kelele na msako, mstari ukaanza kushuka tena. Tafakari hilo: kiwanda kimejificha, hakina bango, gesi haina rangi wala harufu, na upepo ukapeleka ushahidi mpaka kisiwani.

Huku kwetu nako kuna macho. Mlima Kenya una kituo, na kaskazini mwa Rwanda, juu ya Mlima Mugogo, zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, kuna kituo kingine kilichoanzishwa na serikali ya Rwanda kwa ushirikiano na chuo cha MIT cha Marekani, kinapima hewa ukaa na methani inayopita Afrika Mashariki na Kati. Nafurahi kwamba kipo, kwa sababu hewa ya bara letu kwa miaka mingi ilikuwa inakisiwa na watu walio mbali.

Na Rwanda hiyohiyo ndiko yalikofikiwa makubaliano muhimu kuliko yote kwa mtu wa kazi yangu. Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 15 Oktoba 2016, baada ya kukesha wakibishana, wajumbe wa nchi 197 walikubaliana Kigali kupunguza jamii nzima ya R-134a na R-410A. Nchi tajiri zilianza 2019. Nchi kama zetu zilitakiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, kisha kupunguza hatua kwa hatua mpaka matumizi yawe yamepungua kwa asilimia 80 ifikapo 2045. India, Pakistan na nchi za Ghuba, Oman ikiwamo, ziliongezewa muda hadi 2028. Ilikadiriwa kwamba yakitekelezwa, dunia itaepushwa na hadi nusu nyuzi ya joto mwisho wa karne hii. R-134a huishi angani kama miaka 14 tu, si 100, kwa hiyo tukiacha kuivujisha mstari wake utapinda watoto wetu wakiwa bado vijana.

Lakini makubaliano ya Kigali yana safari ndefu kufika Temeke. Niliwahi kuitwa kwenye semina ya mafundi, ya siku mbili, chai na vitafunwa. Tukaonyeshwa mashine ya kunyonya gesi kutoka kwenye mfumo na kuirudisha mtungini, mashine nzuri kabisa. Tukaambiwa tusipulize tena gesi nje. Nikanyoosha mkono nikauliza: nikishainyonya, naipeleka wapi? Nikajibiwa utaratibu unaandaliwa. Nikapewa cheti. Miaka imekwenda na utaratibu huo sijauona. Mashine moja ni hela ya kodi ya fremu kwa miezi mingi, na mteja hayuko tayari kulipa shilingi hata moja kwa ajili ya gesi asiyoiona. Mtaani fundi anayekata mrija kwa koleo anamaliza kazi robo saa, anayenyonya anamaliza saa nzima, na wote wawili wanalipwa sawa.

Ninachukia hali hiyo. Sitaki kusikia kwamba mafundi wa mtaani ni wajinga. Tumelishwa gesi hizi kwa miongo, mtungi baada ya mtungi, kila mmoja ukija na sifa zake, na sehemu kubwa ya iliyoko juu ilitoka Ulaya na Marekani kabla mimi sijazaliwa. Ila kilo niliyoiachia mimi, niliiachia mimi. Sina namna ya kumsukumia mwingine.

Kwa hiyo miaka minne iliyopita tulichangishana mafundi watano tukanunua mashine iliyotumika. Tunapeana zamu. Friji ndogo mpya siku hizi zinakuja na R-600a, ambayo kwa joto la dunia ni kama si kitu lakini inashika moto, kwa hiyo vijana wangu nawafundisha kusoma kibandiko cha nyuma ya kompresa kabla hawajawasha moto wa kuchomelea. Na kisu nimekipiga vita: kila friji ninalorudisha lina karatasi nimebandika mlangoni, BARAFU IYEYUSHWE, ISIKWANGULIWE. Mama wa Mbagala nimembandikia mbili.

Kwenye kona ya karakana, nyuma ya mlango, kuna mtungi wa kijivu wenye mabega ya njano. Ndani yake kuna R-22 niliyoinyonya kwenye viyoyozi vya zamani vya ofisi vinavyong'olewa mjini. Hakuna anayeipokea. Kijana wangu aliwahi kuniuliza kwa nini tunabanana nao wakati nafasi yenyewe haitutoshi. Sikumhubiria. Nilimpa mzani na daftari, nikamwambia awe anaupima kila Jumamosi kabla ya kufunga, atoe uzito wa mtungi mtupu, aandike kilichobaki, na apake sabuni kwenye valvu zote mbili. Jumamosi hii ameandika kilo 9 na gramu 400, sawa na wiki iliyopita. Pembeni, kwa mwandiko wake, amepiga hesabu ambayo sikumwagiza: mara 1,810, tani 17.